Dole Gumba la Bibi

Nyumbani, Jumapili mchana

Dada yangu mpenzi, Serikali,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, siyo umesimama na tepu shingoni huku mteja akikuharakisha. Kama umesimama, vuta kiti, mwambie mteja asubiri. Nakujua vizuri: barua zangu unasoma mstari wa kwanza na wa mwisho, halafu katikati unasema utamalizia baadaye. Hii naomba uisome yote. Mgongo unaendeleaje? Shemeji hajambo? Na wale mafundi wako wawili, bado wanagombania cherehani ya dirishani, au umeshawapangia zamu kama ulivyotupangia sisi zamu za kuoga?

Huku hatujambo. Mume wangu amepona kikohozi, ila bado kinamrudia ghafla akiambiwa aoshe vyombo. Kaka Bonge alipita wiki iliyopita na mashine yake ya kuchomelea, akatutengenezea geti, akala chakula cha watu watatu, akalala kwenye kochi mdomo wazi. Anakusalimu sana, na anasema umpunguzie simu za kumkumbusha kunyoa kwa sababu ana miaka arobaini na minne. Nilimwambia hayo amwambie Serikali mwenyewe. Akanywea.

Binti yangu, huyo anayekuita Mama Mkubwa kwa sauti ya kudeka akitaka kushonewa nguo, alitimiza miaka kumi na minne mapema mwaka huu. Dada, sijui nikwambieje. Mtoto mrefu kunizidi, lakini ameshapoteza sweta tatu za shule mwaka huu. Miezi michache iliyopita aliniuliza chumvi inakaa wapi, katika nyumba aliyozaliwa. Siku hiyo hiyo alirudi analia kwa kuwa rafiki yake amehamia dawati lingine, akanilalia mapajani na miguu yake yote ikining'inia nje ya kochi. Nilimpapasa kichwa huku nafanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya tangu nizaliwe. Kumi na minne. Hesabu hiyo ndiyo iliyoniletea haya ninayotaka kukueleza.

Sasa habari kubwa. Ile Sera ya Taifa ya Ustawi wa Watoto na Vijana, ambayo kila ukinipigia simu nakwambia niko kwenye mkutano wake, imepita. Baraza la mawaziri limeikubali, na mwezi ujao inakwenda kwa mchapaji. Nina furaha mpaka natembea ofisini kama mtu aliyevaa viatu vipya. Kurasa mia moja na nane, na hakuna ukurasa hata mmoja ambao haukupitia mikononi mwangu.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, kwa hiyo acha nikueleze inavyokuwa. Ukumbi wetu una meza ndefu, feni inayolia kama mtu anayeguna, na chupa mbili za chai ambazo moja haishiki moto. Wajumbe wanakaa kuizunguka meza, mimi nakaa mwishoni karibu na mlango na daftari langu. Wao wanasema, mimi naandika. Mjumbe mmoja alieleza, mjumbe mwingine alishauri, wajumbe walikubaliana. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na sita, na katika kumbukumbu zote hizo mimi simo. Mwandishi wa kumbukumbu haulizwi na wala hachangii. Wewe uliyeniita Kasuku kwa sababu mdomo wangu haukuwa na breki, najua ulicheka sana uliposikia nimepata kazi ya kulipwa kwa kunyamaza.

Mwenyekiti wetu ni mama mmoja aliyewahi kuwa mwalimu mkuu miaka mingi. Ana miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kukutazamia ukisema jambo la ovyo. Wa pili kwa sauti pale mezani ni mwanasheria, kijana nadhifu, kalamu tatu mfukoni, maneno yake yamenyooka kama suruali yake. Usimwone mbaya huko mbele, si mbaya. Ni mtu wa kufunga milango yote kwanza ndipo aulize nani yumo ndani.

Tulipofika kwenye sura ya malezi, mwanasheria alisoma rasimu yake. Mlezi, alisema, ni mtu aliyetimiza miaka kumi na minane na anayeishi na mtoto. Mtoto asiye na mzazi wala mlezi wa namna hiyo ataondolewa mahali alipo na kupelekwa penye usalama, kadiri nafasi zitakavyopatikana. Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Ilikuwa inaelekea saa ya chakula na kila mtu alitaka kumaliza. Mimi niliandika neno mlezi, nikaandika neno umri, kisha mkono ukagoma.

Niligoma kwa sababu niliona jinsi kifungu hicho kingetukuta sisi. Kadiri nafasi zitakavyopatikana maana yake ni wewe kwenye makao ya mji huu, Bonge ya mji mwingine, na mimi popote penye kitanda. Haya yafuatayo unayajua kuliko mimi, lakini niache niyaandike, maana hatujawahi kuyaandika popote.

Bibi, tuliyekuwa tumebaki naye peke yake, alipopelekwa hospitali ile ya mbali hakurudi, na mjomba alimzika huko huko. Alipotuletea habari alikuwa ameshatugawa kichwani: Bonge akalime kwake, wewe ukakae kwa shangazi umsaidie kazi, mimi niende kwenye makao ya watoto kwa kuwa bado mdogo na kelele nyingi. Wewe ulimpikia chai. Ulimshukuru. Ulimwambia utatuleta shule zikifungwa. Wiki iliyofuata ukatuhamishia mtaa mwingine, vyumba viwili vya mwisho kwenye safu ya wapangaji, mahali ambapo hakuna aliyetujua, na mjomba, Mungu amsamehe, hakututafuta sana.

Majirani wapya uliwaambia tunaishi na bibi yetu, ni mgonjwa, muda mwingi amelala. Ukaweka ndala zake mlangoni. Kila asubuhi kabla ya kwenda kushona vifungo na kupiga pasi kwa yule fundi cherehani aliyekupa kibarua, ulizigeuza: leo zimetazama ndani, kesho zimetazama nje, siku ya mvua unazipaka tope kidogo. Na fomu za shule zilipotaka sahihi ya mzazi au mlezi, ulivunja kalamu ya wino, ukapaka kidole chako kikubwa, ukakandamiza pale palipoandikwa kwa asiyejua kusoma. Wewe, mwenye mwandiko mzuri kuliko mwalimu wangu, uliyeacha shule ukiongoza darasa. Miaka minne marehemu Bibi alisaini fomu zetu kwa dole gumba lako. Alikubali nichanjwe. Alikubali Bonge aende ziara ya shule. Aliwahi hata kuomba radhi kwa utovu wangu wa nidhamu.

Halafu ile siku ya afisa ustawi. Alisimama mlangoni na faili kwapani, akauliza Bibi yuko wapi, ukamjibu kwa adabu kwamba amelala. Mimi, miaka saba, nilitaka kusaidia. Nikamwambia Bibi hayupo, ni ndala zake tu ndizo zinazotembea. Mpaka leo nikikumbuka uso wako natamani ardhi inimeze. Yule bwana alizitazama ndala, akakutazama wewe, akatutazama sisi tulivyooga na kupaka mafuta, akafunga faili. Akasema Bibi akiamka tumsalimie. Hakurudi tena, na hatukujua kamwe kama alikuwa mjinga au alikuwa mwerevu sana.

Baada ya hapo ndipo uliponiita Kasuku, ukatukalisha chini sote watatu, tukapaka wino vidole, tukagonga kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu la hesabu kwamba hatutasema. Si kwa mwalimu, si kwa rafiki, si kwa mtu tutakayemuoa au kuolewa naye. Siku ulipotimiza miaka kumi na minane uliwaambia majirani Bibi amerudi kwao, ukaziokota ndala ukaziosha, ukakaa uani unalia peke yako. Sisi tulidhani unalia kwa furaha. Na mimi tangu siku ile nilifunga mdomo, nikaufunga vizuri mno, mpaka nikaufanya kazi.

Basi pale ukumbini niliweka kalamu chini nikaomba kusema. Mwanasheria aligeuka kutafuta ni nani. Mwenyekiti alibadilisha miwani, akavaa ile ya kutazamia watu, kisha akasema nina ruhusa. Nikasema ninaifahamu nyumba moja. Nikaeleza habari ya watoto watatu, mkubwa akiwa na miaka kumi na minne, na jinsi kifungu hiki kingewatawanya watoto ambao hawakuwa na njaa, hawakuwa wachafu, hawakukosa shule hata siku moja, isipokuwa huyo mkubwa aliyeacha shule ili wao wasome.

Na kwa kuwa mimi mwandishi wa kumbukumbu nilikuwa nimesimama nasema, hapakuwa na wa kuandika. Dada, Mwenyekiti alinyoosha mkono, akalivuta daftari langu, akaanza kuandika yeye. Mwandiko wake mbaya, sijui aliwafundisha nini watoto wa watu. Lakini ukifungua kumbukumbu za siku ile utakuta nusu ukurasa kwa mkono wa mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita, nimo.

Mwanasheria hakukubali kirahisi. Aliuliza kwa upole kabisa kama serikali sasa itangaze kwamba mtoto anaweza kulea watoto, ili ipumzike. Aliuliza ni wangapi wenye miaka kumi na minne wangeweza hayo, na wangapi wangeungua moto, wangeuzwa, wangekufa kimya kimya. Nilijibu kwamba hakuna anayeomba waachwe. Waende watu, wapeleke msaada, wapeleke chakula, wapeleke mtu mzima wa kukaa karibu, lakini wasianze kwa kuwatenganisha, kwa sababu wale watatu hawakumwogopa mjomba wala njaa. Walimwogopa yule ambaye kazi yake ilikuwa kuwasaidia. Aliuliza shule ilipataje sahihi ya mlezi. Nikaeleza habari ya dole gumba. Akatikisa kichwa akasema hiyo ni kughushi, na kwamba msichana huyo, kwa sheria kama ilivyo, alikuwa na kesi ya kujibu.

Hapo ndipo Mwenyekiti aliponiuliza swali ambalo limenikosesha raha mpaka leo. Hakuuliza habari za sheria. Aliuliza: huyo msichana, yeye nani alikuwa akimuuliza kama amekula?

Dada, sikujua. Nakumbuka ulivyotupakulia, nakumbuka sufuria, nakumbuka Bonge akikomba ukoko, nakumbuka wewe umesimama karibu na jiko ukisema umeshakula kwa fundi. Miaka thelathini na zaidi sikuwahi kukuuliza kama ni kweli. Nilikuwa nikikuona mkubwa kama mlango wa nyumba. Nikamwona binti yangu na sweta zake tatu zilizopotea, miguu yake ikining'inia kwenye kochi, na hesabu niliyoianza siku ile ikajimaliza yenyewe pale mbele ya watu wazima kumi na wawili. Ulikuwa mtoto. Kila mara ulipopaka kidole wino ulikuwa mtoto unayeigiza bibi, na sisi tulikuona serikali.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na naliungama bila kuzungukazunguka. Mwanasheria alisema, si kwa ubaya, kwamba hadithi moja ya kusikia haitoshi kubadilisha sera ya taifa, na aliomba kujua kama nyumba hiyo ipo kweli. Nilijua nikinyamaza kifungu kinapita. Nikasema nyumba ni ya kwetu, mdogo wa mwisho ni mimi, na huyo mwenye kesi ya kujibu ni dada yangu, fundi cherehani mwenye duka lake, na kama kuna mashtaka waanze na mimi niliyenufaika. Nimesema, Dada. Nimevunja kiapo cha ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu. Jina lako sikulitaja, lakini nililisema jambo lenyewe, mbele ya watu, huku nalia na kamasi zikinitoka, na mjumbe mmoja akanipa kitambaa chake cha kufutia miwani.

Najua maana yake kwako. Najua Shemeji anaamini Bibi ndiye aliyetulea, na wanao wanaamini hivyo hivyo, na najua kwa nini hukutaka kuonewa huruma na mtu yeyote. Sikuomba ruhusa yako kwanza kwa sababu niliogopa utanikatalia, na ungenikatalia ningetii, kama nilivyokutii maisha yangu yote. Nisamehe kwa hilo. Kwa kusema kwenyewe siombi msamaha, nasema ukweli. Ningesema tena.

Mwanasheria akachomoa moja ya zile kalamu tatu na akaanza kukata maneno yake mwenyewe. Siku mbili baadaye alikuja mezani kwangu, akanipa karatasi, akaniomba niisome kabla ya wajumbe. Hicho ndicho kilichopita, kifungu cha kumi na saba, nimekinakili hapa neno kwa neno kwa mwandiko wangu bora:

Watoto wa familia moja waliobaki bila mtu mzima hawatatenganishwa kwa sababu hiyo peke yake. Mkubwa wao atasikilizwa kwanza, atatambuliwa, na atasaidiwa kuwatunza wadogo zake chini ya uangalizi wa mtu mzima atakayewafikia nyumbani. Naye mwenyewe atarudishwa shuleni, na atalelewa kama mtoto.

Sentensi ile ya mwisho ni yako. Natamba nayo. Nimewasomea mume wangu, binti yangu na mlinzi wa ofisi. Bonge nilimsomea kwenye simu, naye akasema anakwenda kufunga karakana, kumbe alikuwa analia, nilimsikia akipenga. Usimwambie nimekwambia. Naye ameniruhusu kukwambia kwamba wino wa kidole chake umo kwenye uamuzi wangu wa kusema.

Bado jambo moja. Mwenyekiti anaandika dibaji, na anataka kusimulia nyumba yetu katika aya moja. Nimemwambia siwezi kumruhusu, mwenye ruhusa ni mmoja. Amekubali, na aya hiyo ameiacha pembeni mpaka upatikane wewe. Nimeiambatisha pamoja na fomu fupi ya idhini. Ukikataa, aya itatupwa na kifungu kitabaki kama kilivyo, hakuna atakayekulaumu, na mimi nitanyamaza tena kwa hiari yangu. Ukikubali, zungumza kwanza na Shemeji na watoto wakusikie wewe mwenyewe, wasisome kwenye kitabu cha serikali.

Nisalimie wote nyumbani, na mafundi, na hata yule mteja uliyemwambia asubiri. Binti yangu anasema Mama Mkubwa apokee mkono wake wa salamu, na kwamba sweta ya nne bado ipo. Nakuuliza leo, kwa kuchelewa kwingi: Dada, umekula? Unijibu kweli.

Fomu ina sehemu mbili chini, moja ya dole gumba na moja ya sahihi. Ile ya dole gumba nimeikata kwa mstari. Ndani ya bahasha utakuta kalamu nzima, usiivunje. Andika jina lako.

Mdogo wako wa mwisho, aliyeshindwa kunyamaza,
Kasuku